Kiswahili hakina jinsia? Tumuulize Marit Bjørgen

Kuna hoja moja inayorudi kila mwaka katika kitivo chetu, kwenye mijadala ya wanafunzi na hata ndani ya kazi za kufunga masomo. Hoja yenyewe ni hii: lugha zetu zinamheshimu mwanamke kuliko Kifaransa, kwa sababu hazina jinsia ya kisarufi. Kifaransa kinagawa dunia nzima kati ya « le » na « la », « il » na « elle ». Kiswahili kinasema « yeye », Kilingala « ye », Kikongo « yandi », Kiluba « yeye », wala hakuna anayeuliza kama ni mume au mke. Ngeli ya kwanza inawapokea watu wote kwa mlango mmoja. Kutoka hapo msemaji anaruka moja kwa moja kwenye hitimisho: basi usawa tulikuwa nao zamani, ni Wazungu waliotuletea ubaguzi pamoja na sarufi yao.

Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni ya kweli na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuithibitisha. Sehemu ya pili siikubali. Sitaipinga kwa mifano ya hapa kwetu peke yake, kwa sababu kila mmoja wetu ana mfano wake wa nyumbani, na mjadala unageuka ugomvi wa shangazi na wajomba. Nataka twende mbali, mpaka kwenye theluji ya Ulaya ya Kaskazini, tufuate kazi ya mchezaji mmoja mwanamke. Sababu yangu ni ya kimbinu. Katika mchezo wake kila kitu kinapimwa: kilomita, sekunde, medali. Tena wanaoshindana humo wanasema lugha ambazo sarufi zao zinatofautiana sana juu ya jinsia. Kwa mtu wa isimu, hiyo ni maabara iliyokwisha kutayarishwa.

Mchezo wenyewe unaitwa skii ya masafa marefu. Mchezaji anafunga viatu vyake juu ya vipande viwili virefu na vyembamba, anashika fimbo mbili, kisha anapita juu ya theluji kwa nguvu zake mwenyewe. Tusiuchanganye na ule wa kuteremka mlima kwa kasi. Huku mtu anapita tambarare, anapanda na kushuka, na kupanda ndiko kunakomaliza pumzi. Kuna mitindo miwili. Katika ule wa asili, miguu inakwenda sambamba ndani ya mifereji miwili iliyochorwa kwenye theluji. Katika mtindo huru, mchezaji anasukuma mguu kwa upande, kama mtu aliyevaa viatu vya magurudumu. Mbio fupi zinamalizika kwa dakika chache, ndefu zinapita saa nzima, na za kupokezana zina wachezaji wanne kwa kila nchi.

Marit Bjørgen alizaliwa Trondheim, Norwei, mwaka 1980, akakulia Rognes, kijiji kilichoko kusini mwa mji huo. Kwenye Olimpiki yake ya kwanza, Salt Lake City 2002, alipata medali ya fedha katika mbio za kupokezana. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi huko Val di Fiemme, Italia. Watu wakadhani wamemjua: huyu ni wa mbio fupi. Mwaka 2005, kwenye ubingwa wa dunia wa Oberstdorf, Ujerumani, alichukua dhahabu tatu, na mojawapo ilikuwa ya kilomita 30. Alichukua pia Kombe la Dunia la jumla katika misimu miwili mfululizo, 2004–2005 na 2005–2006.

Kisha mambo yakageuka. Olimpiki ya Torino 2006, ambako wengi walimtarajia atawale, alikwenda akaugua, akarudi na fedha moja tu, ya kilomita 10, nyuma ya Kristina Šmigun wa Estonia. Miaka mitatu baadaye, kwenye ubingwa wa dunia wa Liberec 2009, alirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa mchezaji wa miaka 28, wengine wangeandika hapo neno « mwisho ».

Haukuwa mwisho. Vancouver 2010 alipata dhahabu tatu, fedha moja na shaba moja, na hakuna mchezaji mwingine, mwanamume au mwanamke, aliyepata medali nyingi kuliko yeye kwenye michezo hiyo. Mwaka 2011 ubingwa wa dunia ulifanyika Oslo, mbele ya watu wake, akachukua dhahabu nne. Mwaka 2013 akachukua nne tena. Sochi 2014 akaongeza dhahabu tatu za Olimpiki. Desemba 2015 alijifungua mtoto wa kiume. Katika michezo mingi, mwanamke wa miaka 35 akijifungua, waandishi wanaanza kumtayarishia makala ya kumuaga. Yeye alirudi, na mwanzoni mwa 2017, kwenye ubingwa wa dunia wa Lahti, alishinda mbio nne kati ya zile zilizokuwepo. Pyeongchang 2018, akikaribia miaka 38, alipata medali tano. Ya mwisho ilikuwa dhahabu ya kilomita 30, tarehe 25 Februari, shindano la kufunga Olimpiki nzima, na alimwacha mtu wa pili kwa dakika 1 na sekunde 49.5. Aprili mwaka huo alitangaza kwamba anaacha mashindano.

Hesabu yake ya Olimpiki ni medali 15: dhahabu 8, fedha 4, shaba 3. Ubingwa wa dunia ni medali 26, na 18 kati yake ni dhahabu. Kwenye Kombe la Dunia alishinda mara 114 katika mbio za mtu mmoja mmoja. Alipostaafu, hakukuwa na mtu aliyewahi kupata medali nyingi kama zake katika historia ya Olimpiki ya majira ya baridi. Aliyemtangulia, Ole Einar Bjørndalen, Mnorwei mwenzake, alikuwa na 13.

Sasa tuingie kwenye isimu. Jaribu kuandika rekodi hiyo kwa Kifaransa. Ukiandika « la sportive la plus médaillée », msomaji ataelewa kwamba amewashinda wanawake wenzake. Ukiandika « le sportif le plus médaillé », umesema ukweli wote, lakini umemvisha mwanamke nguo ya kiume ili aweze kusimama mbele ya wanaume. Mwandishi wa Kifaransa hana budi kuzunguka, aongeze « hommes et femmes confondus ». Kwa Kiswahili hatuna shida hiyo hata kidogo: « mwanamichezo mwenye medali nyingi kuliko wote ». Sentensi moja, haimpunguzii mtu, haimficha mtu. Hapa wenzangu wanaosifu ngeli ya kwanza wana haki, nami nasifu pamoja nao.

Lakini angalia sentensi nyingine: « Bjørgen alishinda mbio ndefu kuliko zote za Pyeongchang. » Kisarufi ni safi. Mwalimu hawezi kutia alama nyekundu. Nayo ni ya uongo. Siku moja kabla, tarehe 24 Februari 2018, wanaume walikimbia kilomita 50. Kilomita 30 zilikuwa mwisho wa njia kwa wanawake tu. Ili sentensi yangu iwe kweli, lazima niongeze kirai: « mbio ndefu kuliko zote za wanawake ». Jinsia niliyoifurahia kuikosa kwenye kiambishi imerudi kupitia kirai, kwa sababu ilikuwepo tayari njiani, kwenye theluji, katika kanuni zilizoandikwa na watu. Tena Kiswahili, kwa kutokuwa na jinsia ya kisarufi, kimeniruhusu kuificha bila hata mimi kujua kwamba naficha. Sarufi inayompokea kila mtu kwa mlango mmoja ndiyo hiyo hiyo inayoweza kutufanya tusione kwamba ndani ya nyumba kuna vyumba viwili.

Mtu anaweza kusema: huo ni ubaguzi wa Wazungu wenye lugha za jinsia. Hapo ndipo maabara yetu inapofanya kazi. Kinorwei cha Bjørgen kina « han » kwa mwanamume na « hun » kwa mwanamke. Kipolandi kinakwenda mbali zaidi, kwa sababu hata kitenzi cha wakati uliopita kinataja jinsia: « wygrał » kama mshindi ni mwanamume, « wygrała » kama ni mwanamke. Kifini, kwa upande mwingine, hakina jinsia yoyote ya kisarufi. Nomino hazina kiume wala kike, na nafsi ya tatu ina kiwakilishi kimoja, « hän », sawasawa na « yeye » wetu. Kama hoja ya kitivo chetu ni sahihi, Ufini ndiko tungepaswa kukuta wanawake wanakimbia umbali mmoja na wanaume.

Tuangalie basi. Bingwa wa kwanza wa Olimpiki katika skii ya masafa marefu ya wanawake alikuwa Mfini, Lydia Wideman, Oslo 1952, na wenzake wawili wa Ufini walichukua nafasi ya pili na ya tatu. Umbali ulikuwa kilomita 10, na hilo ndilo shindano pekee walilopewa wanawake. Wanaume walikuwa wakikimbia kilomita 50 kwenye Olimpiki tangu Chamonix 1924. Mwaka 2018, aliyeshinda kilomita 50 za Pyeongchang alikuwa Mfini, Iivo Niskanen. Aliyekuwa wa pili nyuma ya Bjørgen kwenye kilomita 30, siku iliyofuata, alikuwa Mfini pia, Krista Pärmäkoski. Magazeti ya nyumbani kwao yaliwaandika wote wawili kwa « hän ». Kiwakilishi kimoja, na tofauti ya kilomita 20.

Kuna mfano ulio wazi zaidi. Iivo Niskanen ana dada, Kerttu, naye ni mchezaji wa kiwango cha juu. Kwenye Olimpiki ya Beijing 2022, Kerttu alipata fedha katika mbio za mtindo wa asili, akapitwa kwa sekunde 0.4 na Therese Johaug, aliyekuwa mwenzake Bjørgen katika timu ya Norwei. Siku iliyofuata Iivo alipata dhahabu katika mbio za aina hiyo hiyo. Dada alikimbia kilomita 10, kaka alikimbia 15. Wamelelewa nyumba moja, kwa lugha moja isiyo na jinsia, na kanuni ikawapimia kwa vijiti viwili tofauti.

Upande wa Kipolandi, mambo hayakuwa mabaya zaidi wala mazuri zaidi. Vancouver 2010, Justyna Kowalczyk wa Poland alimshinda Bjørgen kwenye kilomita 30 kwa sekunde 0.3. Lugha yake inataja jinsia mpaka kwenye kitenzi, lakini umbali wake ulikuwa ule ule wa Wafini. Lugha tatu, sarufi tatu, kilomita 30 zile zile. Kama kigezo cha sarufi kinabadilika na matokeo hayabadiliki, mwanafunzi wa sayansi yoyote angekwambia kwamba sababu iko mahali pengine.

Sababu iko wapi? Wanorwei wana maneno mawili yanayonifundisha sana. Wao hupima njia kwa « mil », na mil moja ni kilomita 10. Kilomita 50 wanaziita « femmila », mil tano. Kilomita 30 ni « tremila », mil tatu. Tano na tatu ni namba, na namba haina jinsia katika maneno hayo. Hata hivyo, miaka yote ya Bjørgen, kwenye siku za kufunga mashindano makubwa, femmila ilikuwa ya wanaume na tremila ya wanawake. Anayesikia namba tu, bila jina la mtu, alijua tayari nani yuko njiani. Jinsia ilikuwa imeingia ndani ya namba. Hakuna kitabu cha sarufi kitakachoionyesha, kwa sababu haimo kwenye maumbo ya maneno. Imo kwenye desturi ya matumizi.

Desturi hiyo ilidai kuwa inategemea mwili. Mwanamke, walisema, hawezi masafa marefu sana. Lakini mwaka 1923 Mswidi mmoja, Margit Nordin, alikimbia Vasaloppet, mbio za Uswidi za kilomita 90, akafika mwisho. Jibu la wenye mbio lilikuwa kuwakataza wanawake mwaka 1924. Waliwafungulia tena mwaka 1981. Kwanza mwili ulionyesha kwamba unaweza, ndipo marufuku ikaja. Hata kilomita 30, ambazo leo tunaziona ndogo, ziliingia kwenye Olimpiki ya wanawake mwaka 1992 tu, Bjørgen akiwa mtoto wa miaka 11.

Na mabadiliko yalikujaje? Hakuna nchi iliyobadilisha viwakilishi vyake ili wanawake wapewe kilomita 50. Mwaka 2022 Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, liliamua kwa kura kwamba kuanzia msimu wa 2022–2023 wanaume na wanawake watakimbia umbali sawa kwenye Kombe la Dunia. Machi 2025, kwenye ubingwa wa dunia, wanawake walikimbia kilomita 50 kwa mara ya kwanza katika mashindano hayo. Mshindi alikuwa Mswidi Frida Karlsson, na wa pili alikuwa Therese Johaug. Mji ulikuwa Trondheim, pale pale alipozaliwa Bjørgen. Ratiba ya Olimpiki ya 2026 nayo iliwawekea wanawake kilomita 50. Bjørgen alikuwa amekwisha kuacha mashindano tangu 2018. Medali zake 15 zitabaki, lakini hatutajua kamwe angefanya nini kwenye kilomita 50 za Olimpiki, kwa kuwa alipokuwa na nguvu hizo hakuna aliyemruhusu kuzijaribu hapo.

Turudi sasa kwenye kitivo chetu. Sisemi kwamba sarufi haina maana. Ningekuwa nimechagua masomo mengine. Nasema kwamba kukosekana kwa jinsia kwenye ngeli si ushahidi wa usawa, na kazi inayosimamia hoja hiyo peke yake haipaswi kupita mbele ya walimu wetu bila kuulizwa maswali. Kiswahili hicho hicho kisicho na « il » na « elle » kinasema mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja amepewa kauli ya kutenda, mwingine kauli ya kutendwa, na mtoto anajifunza hilo kabla ya kwenda shule. Hapo jinsia iko kwenye mnyambuliko wa kitenzi, mahali ambapo wenye kusifu ngeli ya kwanza hawatazami. Vilevile, tukisema « Mazembe imeshinda », kila mtu anaelewa ni wanaume. Wanawake wa klabu hiyo walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2024, lakini ili tueleweke tunalazimika kuongeza « ya wanawake ». Ni kirai kile kile nilichokihitaji kwa ajili ya Bjørgen.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, tunapochunguza jinsia katika lugha zetu, tusiishie kwenye ngeli na viwakilishi. Tutazame kauli za vitenzi, virai vinavyoongezwa, na namba zinazojulikana ni za nani. Tukusanye maneno ya sokoni, ya redioni na ya uwanjani, kisha ndipo tuhitimishe. La pili, tunapotafsiri au kuandika habari za wanawake kwa Kiswahili, tukumbuke kwamba lugha yetu haitatukumbusha. Mfaransa anasukumwa na sarufi kutaja kama ni mwanamke. Sisi inatubidi tuamue wenyewe lini jambo hilo lina maana. Katika rekodi ya medali 15 halina maana, tuliache. Katika kilomita 30 lina maana, tuliandike, pamoja na zile 50 za upande wa pili.

La tatu ni gumu zaidi. Tuache kuzitumia lugha zetu kama cheti cha kuzaliwa kinachothibitisha kwamba hatuna kosa. Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa. Mimi naongeza kwamba ngeli tupu haimpi mtu njia ya kupita. Wafini walikuwa na « hän » karne zote hizo, na dada yake Iivo Niskanen alisimamishwa kwenye kilomita ya kumi. Aliyeongeza kilomita hakuwa mwanasarufi. Walikuwa watu waliokaa kwenye kikao, wakasoma kanuni, wakainua mikono kuibadilisha. Sisi tunaosomea lugha za Afrika tunaweza kuwa na faida kwenye vikao vya namna hiyo hapa kwetu, kama tutakuwa wa kwanza kuonyesha ni neno gani, na namba gani, zinazomficha mwanamke.